Hezi na Wati: Historia ya Kusawazisha Kasi, Joto na Uhai wa Betri katika Kompyuta Mpakato za Kazi, 1981–2021

1.0 Utangulizi

Kompyuta mpakato ya kazi hudaiwa mambo matatu kwa wakati mmoja. Mhandisi, mhasibu au mwandishi wa habari anayeinunua huitaka iwe na prosesa yenye nguvu, isimuunguze mapajani, na ikae na chaji tangu asubuhi hadi jioni. Madai haya matatu hayapatani kwa asili. Nguvu ya prosesa hutokana na umeme. Umeme wote unaoingia ndani ya prosesa hatimaye hugeuka kuwa joto. Na umeme huohuo, mashine isipochomekwa ukutani, hutoka katika betri yenye akiba ndogo. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Waundaji wa kompyuta mpakato walitakiwa kushika matatu.

Historia ya namna walivyoyashika husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya transista kupungua ukubwa. Kwa mujibu wa masimulizi hayo, kila baada ya miaka michache viwanda vilichonga transista ndogo zaidi, transista ndogo zikatumia umeme kidogo zaidi, na kwa hiyo mashine zikawa nyepesi, za kasi na zenye kudumu na chaji. Insha hii inapinga masimulizi hayo. Hoja yake kuu ni kwamba mizani baina ya kasi, joto na betri haikuletwa na udogo wa transista peke yake, bali na mabadiliko ya kipimo: kutoka kuhesabu hezi, yaani idadi ya mapigo ya saa ya prosesa kwa sekunde, hadi kuhesabu kazi inayofanyika kwa kila wati moja ya umeme. Katika insha hii, uhai wa betri una maana ya muda ambao mashine hufanya kazi kwa chaji moja, si miaka ambayo betri hudumu kabla ya kuchakaa.

Kipindi kinachochunguzwa kinaanza mwaka 1981, kompyuta za kubebeka zilipoanza kuuzwa kwa wingi, na kuishia mwaka 2021. Mkazo umewekwa katika miaka ya 2000 hadi 2006, kwa kuwa ndiyo miaka ambayo kipimo cha zamani kilishindwa waziwazi na kipimo kipya kikashika nafasi yake.

2.0 Uzito kabla ya joto: 1981–1990

Kompyuta za kubebeka za mwanzo hazikuwa na tatizo la betri kwa sababu hazikuwa na betri. Osborne 1 ya mwaka 1981 ilikuwa na uzito wa takriban kilogramu 11, na ilikuwa lazima ichomekwe katika umeme wa ukutani. GRiD Compass, iliyotolewa mwaka 1982 na kubuniwa umbo lake na Bill Moggridge, ilikuwa na uzito wa karibu nusu ya huo, lakini modeli yake ya kwanza nayo ilitegemea umeme wa ukutani. Jambo la kukumbukwa katika Compass ni kasha lake la magnesiamu. Kasha hilo halikuwekwa kwa ajili ya uimara tu. Lilichukua joto kutoka ndani na kulitawanya nje. Tangu mwanzo, basi, mwili mzima wa mashine ulikuwa sehemu ya mfumo wa kuipoza.

Upande wa pili wa mizani ulionyeshwa na TRS-80 Model 100, iliyotengenezwa na Kyocera na kuuzwa na Radio Shack kuanzia mwaka 1983. Mashine hii ilitumia betri nne ndogo za kawaida, za aina inayopatikana katika duka lolote, na iliweza kufanya kazi kwa saa zipatazo 20. Waandishi wa habari waliipenda kwa sababu waliweza kuandika wakiwa safarini na kutuma habari kwa simu. Siri yake ilikuwa prosesa ya 80C85 iliyokwenda kwa megahezi 2.4. Herufi C katika jina hilo iliashiria teknolojia ya CMOS, ambamo transista hupangwa jozi jozi kwa namna ambayo umeme mwingi hutumika pale tu transista zinapobadili hali, si zinapokaa kimya. Aina zilizotangulia zilipitisha umeme muda wote, ziwe zinafanya kazi au la.

Toshiba T1100 ya mwaka 1985 ilichukua njia ya kati. Ilikuwa na uzito wa takriban kilogramu 4, iliendeshwa na betri, na ilitumia 80C88, yaani toleo la CMOS la prosesa iliyokuwa ndani ya kompyuta za mezani za IBM. Hapa mtumiaji alipata programu zilezile za ofisini ndani ya mashine aliyoweza kuondoka nayo. Kwa upande mwingine, Macintosh Portable ya Apple, ya mwaka 1989, ilionyesha gharama ya kutatua tatizo kwa upande mmoja tu. Ilikaa na chaji kwa muda mrefu, hata kufikia saa 10, lakini kwa kutumia betri ya asidi na risasi iliyochangia kuifanya mashine iwe na uzito wa zaidi ya kilogramu 7. Betri ilitosheleza, mbebaji akachoka.

Katika muongo huo, joto halikuwa adui mkuu. Prosesa zilitumia umeme kidogo kiasi cha kutohitaji feni. Mvutano ulikuwa baina ya uzito na chaji.

3.0 Elimu ya kulala: 1990–2000

Hatua iliyofuata haikuhusu kuifanya prosesa iwe na kasi zaidi, bali kuifundisha kupumzika. Mtu anayeandika barua humwacha prosesa akingoja kwa sehemu kubwa ya muda. Hata baina ya herufi moja na nyingine anayoibonyeza, kwa prosesa huo ni muda mrefu mno. Ikiwa katika kungoja huko prosesa inaendelea kula umeme, betri inaisha bila kazi yoyote kufanyika.

Mwaka 1990 Intel ilitoa 386SL, prosesa iliyobuniwa mahususi kwa ajili ya kompyuta za kubebeka. Ndani yake mlikuwamo hali ya siri ya uendeshaji iliyoiwezesha mashine kuzima na kuwasha sehemu zake bila mfumo endeshi kujua. Mwaka 1992 Intel na Microsoft zilitoa kanuni za pamoja za kusimamia matumizi ya umeme, na mwishoni mwa mwaka 1996 Intel, Microsoft na Toshiba zilitoa kanuni mpya zilizojulikana kama ACPI. Kanuni hizo zilihamisha uamuzi wa lini mashine ilale, na ilale usingizi mzito kiasi gani, kutoka katika programu ya msingi ya mashine hadi katika mfumo endeshi wenyewe. Wakati huohuo betri za lithiamu-ioni, zilizoingizwa sokoni na Sony mwaka 1991, zilichukua polepole nafasi ya betri za nikeli.

Ubunifu wa mwisho wa muongo huo unahitaji kuelezwa kwa hesabu, kwa sababu ndiyo msingi wa yote yaliyofuata. Umeme unaotumiwa na prosesa inapofanya kazi huongezeka sambamba na idadi ya mapigo yake, lakini huongezeka kwa mraba wa volti. Januari 2000 Intel ilitoa prosesa za Pentium III za kompyuta mpakato zenye mbinu iliyoitwa SpeedStep. Mojawapo ilikwenda kwa megahezi 650 na volti 1.6 ilipochomekwa ukutani. Ilipochomolewa ilishuka hadi megahezi 500 na volti 1.35. Kasi ilipungua kwa karibu asilimia 23. Umeme, kwa hesabu hiyo ya mraba, ulipungua kwa takriban asilimia 45. Mtumiaji alipoteza chini ya robo ya kasi na kuokoa karibu nusu ya matumizi.

Hesabu hiyo ilibeba fundisho kubwa ambalo halikuzingatiwa mara moja: mapigo ya juu kabisa ndiyo ya gharama kubwa kuliko yote. Atakayetafuta kazi nyingi kwa umeme mdogo hana budi kupunguza mapigo na kuongeza kazi inayofanyika katika kila pigo.

Kampuni iliyolizingatia fundisho hilo mapema ilikuwa Transmeta, iliyoanzishwa mwaka 1995 na ambayo David Ditzel alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Januari 2000 ilitangaza prosesa iliyoitwa Crusoe. Badala ya kuweka ndani ya silikoni mitambo yote ya kufasiri amri za programu za kawaida, Crusoe iliiachia programu maalumu kazi ya kuzifasiri, na hivyo silikoni yenyewe ikawa rahisi na yenye matumizi madogo. Aidha, iliweza kubadili mapigo na volti mara nyingi kadiri kazi ilivyobadilika, si pale tu mashine ilipochomolewa. Sony na Fujitsu ziliitumia katika mashine zao ndogo. Hata hivyo, Crusoe ilikuwa nzito katika kazi, na mwaka 2005 Transmeta iliacha kutegemea uuzaji wa prosesa kama biashara yake kuu. Ilikuwa imethibitisha kwamba wati zinaweza kuuzwa. Haikuwa imethibitisha kwamba mtaalamu angekubali kuzinunua kwa bei ya kusubirishwa.

4.0 Mbio za hezi

Soko la wakati huo lilikuwa na kipimo kimoja. Mnunuzi aliyeingia dukani aliuliza mashine ni ya megahezi ngapi. Namba hiyo ilikuwa rahisi kuchapishwa katika tangazo, rahisi kulinganishwa, na yenye kueleweka na mtu asiyejua chochote kuhusu muundo wa ndani. Kasoro yake ni kwamba haikusema ni kazi kiasi gani inafanyika katika kila pigo.

Novemba 2000 Intel ilitoa Pentium 4. Muundo wake uligawa kila amri katika mfululizo mrefu wa hatua ndogo, hatua 20, ili kila hatua iwe fupi na saa iweze kupigwa kwa haraka. Mpangilio huo huleta mapigo mengi, lakini una adhabu yake: prosesa inapokisia vibaya amri ipi itafuata, mfululizo wote hulazimika kumwagwa na kujazwa upya, na umeme uliotumika katika hatua zilizomwagwa huwa umepotea. Hezi zilipanda kwa kasi kuliko kazi.

Hatari ya njia hiyo haikufichika hata ndani ya Intel. Februari 2001 Pat Gelsinger, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa kiufundi wa kampuni hiyo, aliueleza mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa saketi kwamba mwelekeo ule ukiendelea bila kubadilishwa, wingi wa joto katika kila sentimita ya mraba ya prosesa ungefikia ule wa kinu cha nyuklia katikati ya muongo, kisha ule wa mdomo wa roketi, na hatimaye ule wa uso wa jua. Onyo hilo lilitolewa miezi michache tu baada ya Pentium 4 kuingia sokoni.

Katika kompyuta za mezani, joto lilitibiwa kwa vipande vikubwa vya chuma na feni zenye kelele. Katika kompyuta mpakato, tiba hiyo haikuwezekana. Pentium 4-M, iliyotolewa Machi 2002 kwa ajili ya mashine za kubebeka, ilihitaji upozaji wa wati 30 na zaidi. Baadaye kidogo zilitoka Pentium 4 nyingine za kompyuta mpakato zilizokwenda kwa zaidi ya gigahezi 3, ambazo mahitaji yake ya upozaji yalifika wati 70. Mashine zilizozibeba zilikuwa nene, zenye feni zisizonyamaza, na zilipochomolewa ukutani zilimaliza chaji upesi. Ziliitwa za kubebeka. Kwa matumizi zilikuwa za mezani.

5.0 Haifa

Njia mbadala ilitoka mahali ambapo makao makuu hayakupatarajia. Intel ilikuwa imefungua kituo cha ubunifu mjini Haifa, Israeli, mwaka 1974, kikiwa kituo chake cha kwanza cha aina hiyo nje ya Marekani. Ndiko ilikobuniwa 8088, prosesa iliyotumiwa katika kompyuta binafsi ya kwanza ya IBM. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kundi la Haifa lilipewa kazi ya kubuni prosesa ya bei nafuu iliyoitwa Timna, na mwaka 2000 mradi huo ukafutwa kabla ya kufika sokoni. Wabunifu hao wakaelekezwa kwenye kazi mpya: prosesa ambayo tangu mstari wake wa kwanza ingekuwa ya kompyuta mpakato.

Mradi huo uliitwa Banias, kwa jina la chemchemi ya kale iliyopo chini ya Mlima Hermoni. Wabunifu wake hawakuufuata muundo wa Pentium 4. Waliurudia ukoo wa Pentium III, wenye mfululizo mfupi wa hatua, kisha wakapitia kila sehemu na kuiuliza swali moja: je, kasi inayoongezwa na sehemu hii inalingana na umeme inaoutumia? Amri ndogo zilizozoea kusafiri mbilimbili ziliunganishwa zisafiri kama moja. Mtambo wa kukisia amri zijazo uliboreshwa, kwa kuwa kila kisio baya ni umeme uliotupwa. Kumbukumbu ya ndani ilifanywa kuwa kubwa, megabaiti 1, lakini ikagawanywa ili sehemu inayohitajika tu ndiyo iamke.

Machi 2003 prosesa hiyo ilitolewa kwa jina la Pentium M, na pamoja na chipu zake sindikizi na kifaa cha mtandao usiotumia waya ikauzwa kwa jina la Centrino. Toleo la juu lilikwenda kwa gigahezi 1.6 na lilihitaji upozaji wa wati 24.5. Ukilinganisha hezi peke yake, ilikuwa imerudi nyuma: wakati huo Pentium 4-M ilikuwa imekwisha kupita gigahezi 2. Majaribio yaliyochapishwa wakati huo yalionyesha kwamba katika kazi za kawaida za ofisini Pentium M ya gigahezi 1.6 ililingana na Pentium 4-M zenye hezi nyingi zaidi, na mara nyingi ilizishinda. ThinkPad T40 ya IBM ilikuwa miongoni mwa mashine za kazi zilizoipokea mapema, na mashine za kizazi hicho ziliweza kuwa nyembamba na kukaa na chaji kwa saa kadhaa bila kumpunguzia mtaalamu uwezo aliouzoea.

Tatizo la Intel sasa lilikuwa la kibiashara. Kwa miaka mingi ilikuwa imewafundisha wateja kwamba hezi nyingi ni bora; ingewezaje kuwauzia hezi chache kwa bei kubwa? Jibu lake lilikuwa kuiondoa namba hiyo mbele ya macho. Kampeni ya Centrino haikuzungumza sana juu ya prosesa. Ilizungumza juu ya kufanya kazi uwanja wa ndege, mgahawani au bustanini bila waya wowote. Kipimo kilichokuwa kimejengwa na matangazo kilihitaji matangazo mengine kukibomoa.

6.0 Ushahidi wa mwaka 2004

Mtu anaweza kudai kwamba mafanikio ya Pentium M yalitokana na viwanda tu, na kwamba Pentium 4 nayo ingepoa kadiri transista zilivyopungua. Dai hili lina mizizi ya kinadharia. Mwaka 1974 Robert Dennard na wenzake wa IBM walionyesha kwamba transista ikipunguzwa vipimo vyake vyote pamoja na volti yake kwa uwiano mmoja, joto kwa kila eneo la silikoni hubaki lilelile. Kwa karibu miaka thelathini tasnia iliishi kwa kanuni hiyo.

Historia imetupa jaribio linalofaa kulipima dai hilo. Mwaka 2004 Intel ilihama kutoka transista za nanomita 130 hadi za nanomita 90. Zilihama prosesa mbili: Pentium 4, katika toleo lililoitwa Prescott, mwezi Februari, na Pentium M, katika toleo lililoitwa Dothan, mwezi Mei. Kampuni ni moja, teknolojia ya kiwanda ni moja, mwaka ni mmoja. Kilichotofautiana ni falsafa ya ubunifu.

Matokeo yalikwenda pande mbili. Prescott ilirefusha mfululizo wa hatua kutoka 20 hadi 31 ili kupata hezi zaidi. Katika gigahezi 3.4, toleo lililotangulia lilihitaji upozaji wa wati 89. Prescott, yenye transista ndogo zaidi, ilihitaji wati 103. Udogo haukuleta nafuu, kwa sababu katika kiwango hicho umeme ulikuwa unavuja hata kwenye transista zisizofanya kazi, na volti haikuweza tena kushushwa kwa uwiano uleule kama kanuni ya Dennard ilivyotaka. Dothan, kwa upande wake, iliongezewa kumbukumbu ya ndani hadi megabaiti 2, ikaenda kwa kasi zaidi ya Banias, na bado mahitaji yake ya upozaji katika matoleo ya kwanza yakashuka kutoka wati 24.5 hadi wati 21.

Ushahidi huu unaonyesha kwamba udogo wa transista ni fursa tu. Aliyeitumia fursa hiyo kuongeza hezi alivuna joto. Aliyeitumia kuongeza kazi kwa kila wati alivuna kazi. Mei 2004 Intel ilifuta mradi uliokuwa umrithi Prescott, na Oktoba mwaka huohuo ikaacha mpango wake wa kutoa Pentium 4 ya gigahezi 4. Mbio za hezi zilikuwa zimegonga ukuta.

7.0 Kutoka pembeni hadi katikati: 2005–2006

Juni 2005 Steve Jobs alitangaza kwamba Apple ingeacha prosesa za PowerPC na kuhamia Intel. Tatizo lake lilikuwa la kompyuta mpakato. Prosesa ya G5 ilikuwa na nguvu katika mashine za mezani, lakini joto lake halikuruhusu iingie katika PowerBook, na PowerBook ya G5 haikupata kutokea. Sababu aliyoieleza mbele ya watayarishaji wa programu haikuwa hezi. Alizungumzia kazi kwa kila wati, na akatoa ulinganisho: vipimo 15 kwa PowerPC dhidi ya 70 kwa prosesa zilizotarajiwa kutoka Intel. Kipimo kilichokuwa cha wahandisi wa Haifa sasa kilitamkwa jukwaani mbele ya ulimwengu.

Januari 2006 Core Duo, mrithi wa moja kwa moja wa Pentium M, iliingia sokoni ikiwa na viini viwili katika silikoni moja. Katikati ya mwaka huo ilifuata Core 2, iliyobuniwa pia kwa uongozi wa Haifa, na safari hii haikuishia katika kompyuta mpakato. Ilichukua nafasi ya Pentium 4 hata mezani na katika seva. Muundo uliozaliwa kwa ajili ya mashine yenye betri ndogo ukawa muundo wa mashine zote.

Mwaka huohuo ulikumbusha kwamba mguu wa tatu wa mizani nao una mipaka. Agosti 2006 Dell iliwaita wateja warudishe betri milioni 4.1 za lithiamu-ioni zilizokuwa na seli za Sony, kwa sababu ya hatari ya kuwaka moto. Kampuni nyingine, Apple ikiwamo, zilifuata. Chembe za chuma zilizoingia ndani ya seli wakati wa utengenezaji ziliweza kuunganisha umeme pasipotakiwa. Akiba ya umeme ilivyobanwa katika nafasi ndogo zaidi, ndivyo kosa dogo lilivyokuwa na madhara makubwa zaidi. Kanuni za usalama wa usafiri wa anga nazo ziliweka kikomo: betri isiyozidi wati-saa 100 hubebwa na abiria bila kuomba kibali cha shirika la ndege. Kwa hiyo mtengenezaji hawezi kutibu ulafi wa prosesa kwa kuongeza betri bila ukomo.

8.0 Namba yarudi kwa mlango mwingine

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba baada ya mwaka 2006 kipimo cha haki kilishinda moja kwa moja. Haikuwa hivyo. Kuanzia mwaka 2008, na zaidi mwaka 2011, prosesa za Intel ziliwezeshwa kuvuka kiwango chake cha kawaida cha mapigo kwa muda. Mantiki yake ni ya kweli: chuma cha kupozea huchukua sekunde kadhaa kupata moto, na katika sekunde hizo prosesa inaweza kwenda mbio kabla joto halijajaa. Kwa kazi fupi fupi, kama kufungua ukurasa au faili, hiyo ndiyo tabia inayofaa.

Mwaka 2017 prosesa ya Core i5-8250U, iliyotumika katika kompyuta mpakato nyingi za ofisini, ilitangazwa kuwa na kasi ya hadi gigahezi 3.4 kwa kiwango cha wati 15. Kasi yake ya msingi, ile iliyoahidiwa kwa kazi ya kudumu, ilikuwa gigahezi 1.6, namba ileile ya Pentium M ya mwaka 2003, ingawa sasa katika viini vinne na kwa kazi nyingi zaidi katika kila pigo. Mnunuzi aliona namba ya mbio fupi. Mhariri wa video au mhandisi anayeendesha hesabu kwa saa nzima aliishi na namba ya mwendo mrefu.

Pengo hilo lilidhihirika Julai 2018. Apple ilitoa MacBook Pro yenye prosesa ya Core i9 ya viini sita, iliyotangazwa kufika gigahezi 4.8 na yenye kasi ya msingi ya gigahezi 2.9. Siku chache baadaye majaribio yalionyesha kwamba katika kazi nzito ya muda mrefu ilishuka hata chini ya kasi hiyo ya msingi. Apple ilieleza kwamba kulikuwa na kasoro katika programu ya ndani inayosimamia joto, na ikatoa marekebisho. Kasoro ilirekebishwa, lakini tukio lilibainisha kwamba prosesa iliyotajwa katika tangazo na prosesa inayofanya kazi ndani ya kasha jembamba ni vitu viwili. Uwezo wa kweli wa mashine huamuliwa na kiasi cha joto ambacho kasha linaweza kutoa kwa saa nzima, na kiasi hicho hakiandikwi kwenye karatasi ya bei.

Novemba 2020 Apple iliachana na Intel katika hatua ya kwanza ya uhamaji mwingine na kutoa M1, chipu ya transista bilioni 16 za kizazi cha nanomita 5, yenye viini vinne vya kazi nzito na vinne vya kazi nyepesi. Wazo la kuchanganya viini vikubwa na vidogo lilikuwa limetangazwa na kampuni ya ARM mwaka 2011 kwa ajili ya simu. MacBook Air ya M1 haikuwa na feni kabisa. Mwaka 2021 Intel nayo ilitoa prosesa zenye viini vya aina mbili. Mara ya pili katika miaka ishirini, muundo uliolelewa na uhaba wa betri ulipanda kutoka kifaa kidogo hadi kikubwa: mwaka 2006 kutoka kompyuta mpakato kwenda mezani, na mwaka 2020 kutoka simu kwenda kompyuta mpakato. Anayeiona M1 kama mwanzo mpya anasahau kwamba ilipita njia iliyokwisha kukatwa.

9.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba mizani baina ya kasi, joto na betri haikupatikana kwa kungoja transista zipungue. Ilipatikana pale wabunifu walipobadili swali. Swali la hezi lilizaa Prescott. Swali la kazi kwa kila wati lilizaa Dothan, katika mwaka mmoja na kwa teknolojia moja ya kiwanda. Imeonyesha pia kwamba kipimo si jambo la wahandisi pekee. Hezi zilitawala kwa sababu zilikuwa rahisi kuuzwa, na zilipoanguka zilirejea katika sura ya kasi ya muda mfupi inayotangazwa kana kwamba ni ya kudumu.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jambo hili halipo mbali. Mwaka 2006, mwaka uleule ambao Core 2 iliingia sokoni, Tanzania ilikuwa katika mgawo mkali wa umeme uliosababishwa na ukame katika mabwawa ya kuzalishia nishati. Ofisini ambako umeme wa ukutani hauna uhakika, wati inayopotea katika mapigo yasiyo na kazi ni dakika za kazi zilizopotea. Mnunuzi wa huko, awe anachukua mashine mpya au iliyokwisha kutumika Ulaya, ana haki ya kuuliza maswali mawili ambayo matangazo hayajibu: mashine hii hufanya kazi kiasi gani baada ya saa nzima ya kazi nzito, na hufanya hivyo kwa wati ngapi? Prosesa ikipimwa kwa dakika yake ya kwanza, gharama ya saa inayofuata humwangukia mtumiaji.